Godoro la Sajini

Mama yeyote aliye kwenye kikundi cha wanawake, na ako na mbwa mzee nyumbani, na ako na mama mkwe aliye hai, asome hii polepole. Yaliyompata Ndunge wa Mitaboni yanaweza kumpata mtu yeyote mwenye roho nzuri na mdomo mwepesi.

Ndunge hakuwa mwongo. Watu wa Mitaboni watakuambia hivyo hata leo, ingawa siku hizi wanasema wakicheka. Alikuwa mama wa binti mmoja, Kanini, aliyekuwa shule ya bweni, na mke wa Justus, aliyekuwa akilinda geti la mtaa mmoja kule Syokimau na kurudi nyumbani Jumamosi mbili kwa mwezi. Alikuwa pia mtu wa wasiwasi. Kanini akikohoa kwenye simu ya shule, Ndunge hununua dawa Mitaboni na kuimeza yeye. Siku nyingi bomani walikuwa wawili tu, yeye na Sajini.

Sajini alikuwa mbwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na lingine limekataa. Alikuwa amefikisha miaka kumi na tatu. Kanini alijifunza kutembea akishikilia mkia wake, na mtoto akianguka, Sajini alisimama palepale mpaka ashikwe tena. Kitu kama hicho mama hasahau. Kwa hivyo Ndunge alipoanza kuona mbwa akiamka kwa awamu, kwanza anainua mbele, halafu anapumzika, halafu anafikiria, halafu ndio anainua nyuma, moyo wake haukutulia. Akijilaza kwenye simiti ya veranda alitoa mguno kama mtu anayetua debe la maji.

Urbanus, daktari wa mifugo, alipokuja kuchanja ng'ombe, Ndunge alimwomba amwangalie Sajini. Urbanus alimpima uzito apate kujua kiasi cha dawa ya minyoo, akambonyeza nyonga, akakunja uso.

"Mifupa imesagana, mama. Uzee hauna sindano. Mtoe kwa simiti. Mtafutie mahali panene pa kulala, pawe chini asipande, pasiteleze. Akiendelea kulala hapa, mwaka hauishi ataacha kuinuka. Hapo utaniita kwa kazi ingine, na hiyo kazi siipendi."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyomharibu Ndunge.

Alianza na gunia la maganda ya mahindi. Kuku waliliona wakalipenda, wakataga ndani, na Sajini kwa heshima zake akawaachia akarudi kwa simiti. Akajaribu ngozi ya mbuzi. Siku ya kwanza Sajini aliilamba, siku ya pili akaila upande mmoja, na upande uliobaki haukutosha hata paka. Fundi wa viatu vya tairi akampa tairi la lori, akamwambia ajaze magunia katikati, ndivyo matajiri wanavyofanya. Sajini aliingia, akalala vizuri, na akashindwa kutoka. Ndunge na jirani walimwinua mmoja mbele mmoja nyuma, naye akiangalia kando kama mzee anayeogeshwa. Mwishowe Ndunge alichukua mto wa kiti cha Justus. Hapo mbwa alikoroma. Lakini Jumamosi Justus akaja, akakaa juu ya mbao za kiti saa nzima, kisha akauliza kati yake na huyo mbwa ni nani aliyelipa mahari. Mto ukarudi.

Ndipo zamu ya kikundi ikafika.

Kikundi chao kilikuwa na desturi. Kila mwezi mwanachama mmoja ananunuliwa kitu cha nyumba alichoomba mwenyewe, na katibu anaenda naye dukani kukichagua. Mwezi ukiisha, wanawake wote wanakuja kukiona kikifanya kazi. Desturi hii ilianza baada ya mama mmoja kununuliwa sufuria sita, na zote sita zikaonekana zikipika maharagwe kwa hoteli ya dada yake. Tangu hapo katiba ikaandikwa: kitu kiwe cha mtu wa boma, mtu huyo atajwe jina, na huyo aliyetajwa ndiye akitumie.

"Godoro," Ndunge akasema zamu yake ilipofika.

"La nani?" akauliza Wacera, katibu, kalamu ikiwa tayari. Wacera alikuwa mama wa duka la unga pale sokoni, mwandiko wake mzuri na machozi yake karibu.

Ndunge alifungua mdomo aseme ukweli. Kisha akaona mbele yake mama aliyeomba blanketi mwezi uliopita, watoto wanne chini ya blanketi moja. Utasemaje mbele ya huyo kwamba unataka godoro la mbwa? Mdomo ulikuwa umeshafunguka, ikabidi kitu kitoke.

"La mama mkwe," akasema. "Atakuja kukaa."

Mama mkwe, Syokau, alikuwa kule Katangi, na miaka minne hakuwa amekanyaga Mitaboni, akisema baridi ya huko ni ya watu wenye dhambi. Ndunge alihesabu yuko salama. Wacera akaandika jina.

Walienda mjini Machakos, kwa duka la Hafso. Hafso alikuwa amekaa kwa biashara ya magodoro miaka mingi na hakukuuzia kitu mpaka ajue mwili utakaolala juu yake. Aliwapa viti, akaanza kuuliza. Na hapa ndipo Ndunge alipopotea kabisa. Alikuwa amedanganya jina tu. Yaliyobaki yote, kwa vile alitaka sana mgonjwa alale vizuri, aliyajibu kwa ukweli mtupu.

"Shida yake ni nini?" Hafso akauliza.

"Nyonga. Mifupa imesagana."

"Analala chali ama ubavu?"

"Ubavu, amejikunja. Lakini kwanza anajizungusha."

"Anajizungusha vipi?"

"Mara tatu. Halafu ndio anashuka."

Hafso alitikisa kichwa, akasema wazee wako na mambo yao, hata bibi yake hakulala bila kutandika upya mara mbili. Akauliza kama anaweza kupanda kitanda. Ndunge akasema hapandi kitu, godoro liwekwe chini. Akauliza habari za choo. Ndunge akasema mara mojamoja inamponyoka, na Hafso akatoa kifuniko cha plastiki akakiweka kando bila kumuaibisha mtu.

"Na uzito?"

"Kilo ishirini na nane."

Wacera alimshika Ndunge mkono.

"Aki, Mama Kanini. Mtu mzima kilo ishirini na nane?"

"Alikuwa thelathini na mbili," Ndunge akasema, na machozi yakamtoka, kwa sababu hiyo ilikuwa kweli.

Basi godoro likachaguliwa kwa uangalifu kama la mtoto wa mfalme. Hafso alilibonyeza kila moja kwa goti. Goti likigusa sakafu, analisukuma kando. Akasema godoro hujaribiwa kwa namna mgonjwa anavyolala, kwa hivyo Wacera, kwa upendo wake, akavua viatu katikati ya duka, akajizungusha mara tatu na kujikunja kwa ubavu. Alijikunja juu ya magodoro manne. La nne, la inchi sita, dogo, zito, akafumba macho akasema hili ndilo, mama atalala.

Ndunge alilitandika kwenye nyumba ya jiko la zamani, mahali jua la asubuhi linapoingia. Alikunja gunia upande mmoja liwe la kuegemeza kichwa. Alitandaza mkeka wa katani ili miguu isiteleze, akaweka sufuria ya maji karibu, akang'oa komeo la mlango ili msukumo kidogo uufungue. Sajini aliingia, akazunguka mara tatu, akashuka. Hakuguna. Wiki mbili zilipoisha alikuwa anaamka kwa awamu mbili badala ya nne, na asubuhi moja alimfukuza jogoo hatua tano nzima. Ndunge alimpigia Urbanus simu kumwambia ile kazi ingine aisahau.

Lakini Jumapili Wacera alisimama kanisani wakati wa maombi.

Aliomba kwa sauti, kwa majina kamili. Alimwambia Mungu habari za Mama Syokau aliyekonda akabaki kilo ishirini na nane, asiyelala mpaka ajizungushe, ambaye hata haja ndogo inamponyoka. Akamshukuru Mungu kwa mke wa mwana kama Ndunge, siku hizi ambapo wake za watu wanafungia mama wakwe geti. Kanisa lote liligeuka kumwangalia Ndunge, na Ndunge akaangalia viatu vyake. Wanaume walienda nyumbani wakiwauliza wake zao mnaona mwenzenu. Jumatatu wanawake walianza kuleta uji wa wimbi kwa ajili ya mgonjwa. Ndunge aliupokea mlangoni, akasema mgonjwa amelala. Hilo pia lilikuwa kweli. Sajini alikunywa uji wa wimbi siku tisa mfululizo, na manyoya yake yakaanza kung'aa.

Sasa, Mitaboni na Katangi si mbali kama Ndunge alivyodhani. Mama mmoja wa kanisa hilo alikuwa na dada aliyeolewa Katangi. Siku ya soko Syokau alikuwa amesimama kwa mnunuzi wa ndengu, gunia lake liko kwa mizani, huyo dada akaja akamshika mikono yote miwili na kumpa pole. Pole ya nini? Akaelezwa yote, pamoja na ile habari ya choo, mbele ya watu waliokuja kuuza ndengu.

Syokau alimwambia mnunuzi ashushe gunia, akapanda mwenyewe juu ya mizani na kiondo chake. Kilo themanini na nne. Akawaambia wote waisome. Kisha akaenda kufunga mlango wa nyumba.

Alifika Alhamisi, siku mbili kabla ya kikundi kuja kuona godoro. Ndunge alikuwa anaanua nguo. Alisikia pikipiki ikilia kama inayobeba mawe, akageuka, akamwona mama mkwe anashuka akiwa mzima, mpana, na kuku mkononi.

"Mama Kanini," Syokau akasema. "Nimekuja kujiona. Nimeambiwa niko hapa na ni mgonjwa sana."

Ndunge alichukua kuku, akachukua kiondo, akakosa mahali pa kuviweka. Alisema watu wanaongeza maneno, mwaitu, mama yetu, unawajua. Alisema ni kweli tu kwamba amemnunulia godoro, alitaka liwe la kumshangaza, basi watu wakalipata hilo neno wakalipika. Alijisikia akisema hayo kama anamsikia mtu mwingine ambaye hampendi.

"Godoro," Syokau akasema. "Liko wapi?"

Kwa bahati Sajini alikuwa nyuma ya ghala akiota jua. Ndunge alikipangusa kifuniko cha godoro kwa leso aliyojifunga, manyoya yakaruka kila upande, akasema ni ya mbuzi. Syokau aliinama, akashika ukuta, akajishusha. Godoro lilimpokea.

"Nani alikuambia habari ya nyonga zangu?" akauliza, na sauti haikuwa ile aliyofika nayo. "Sijaambia mtu. Hata Justus sijamwambia."

Ndunge alisema hakuna aliyemwambia. Syokau akaanza kuangalia vitu kimoja kimoja. Kwa nini liko chini? Ili usipande, mwaitu. Mkeka? Miguu isiteleze. Komeo? Usihangaike na vyuma. Hata maji umeniwekea karibu, Syokau akasema, akavuta ile sufuria, akanawa uso. Ndunge aligeuka akashika mlango. Alitamani mama mkwe amtukane kama zamani. Matusi alikuwa ameyazoea, lakini shukrani ya wizi inaingia ndani kama mwiba.

Jioni hiyo alimfunga Sajini kwenye ghala, akamtandikia magunia matatu. Sajini alimwangalia. Na kwa vile Ndunge alikuwa mtu wa wasiwasi, aliogopa kamba itamuumiza shingo, akaifunga kwa fundo ambalo hata kuku angelifungua.

Asubuhi alienda na chai. Aliusukuma mlango kwa kiwiko. Juu ya godoro walilala wawili, mgongo kwa mgongo, na mwenye kukoroma alikuwa mbwa. Syokau alikuwa macho, anaangalia mabati.

"Weka chai, ukae chini," akasema. "Huyu ameingia bila hodi kama mwenye nyumba. Amejizungusha mara tatu, akashuka mahali pamebonyea. Mimi tangu jana nashangaa, godoro jipya limebonyeaje, na si mimi niliyelibonyeza. Sasa niambie. Kilo ishirini na nane ni nani?"

Ndunge alikaa kwenye mkeka akasema yote. Simiti, Urbanus na kazi yake ingine, blanketi la yule mama, Hafso, mpaka uji wa wimbi. Alisema akiwa ameinamisha kichwa, na alipofika pa maombi ya kanisani, Syokau aliinua mkono anyamaze.

"Hiyo yangu ya choo nimeisikia nikiwa sokoni," akasema. "Usinirudishie."

Alikunywa chai yote. Sajini aliamka kwa awamu zake mbili, akamnusa mkono, akatoka.

"Kesho wakija, mimi sitawadanganya," Syokau akasema. "Na sitakusemea. Ulimi ulionipandisha kwa hiyo mizani ndio utanishusha."

Siku hiyo nzima Ndunge hakula. Aliona mambo yote mawili wazi. Akisema, kikundi kitalichukua godoro, Sajini atarudi kwa simiti, na kabla ya mahindi kukauka atampigia Urbanus. Asiposema, Syokau atasema kwa njia yake, na njia ya Syokau watu wa Katangi wanaijua. Alifikiria hata kuugua. Alijishika paji la uso, likawa la kawaida.

Kikundi kilifika Jumamosi kwa wimbo, wanawake kumi na watano wamevaa leso za sare. Wacera alikuja mbele na kiti cha magurudumu alichoazima kanisani, akikisukuma juu ya mawe. Mlangoni alikutana na mwanamke mpana aliyejaza mlango wote.

"Shikamoo mama," Wacera akasema. "Tumekuja kumwona mgonjwa."

"Marahaba. Mgonjwa ni mimi," Syokau akasema, akakaa kwenye kile kiti cha magurudumu, kikalia. "Mwenye maneno ni yule wa chai."

Wote walimgeukia Ndunge. Alikuwa ameshika sinia la vikombe. Alijaribu kuanza kutoka mbali, kwa habari ya baridi na simiti, akaona hafiki.

"Godoro ni la mbwa," akasema. "Si la mama. Niliona haya. Ni la Sajini."

Sajini, aliposikia jina lake, alitokea nyuma ya ghala, akapita katikati ya leso za sare taratibu, akaingia jikoni. Mlango ulikuwa wazi. Wanawake kumi na watano walimwona akizunguka mara moja, mara mbili, mara tatu, akashuka.

"Mimi nililala dukani," Wacera akasema polepole. "Nilivua viatu mbele ya watu. Nikajizungusha."

Yule mama wa blanketi ndiye alicheka kwanza. Alijaribu kujifunika kwa leso lakini kicheko kilipita. Alisema yeye amepeleka uji mara mbili, wenye maziwa, na watoto wake waliulamba mwiko tu. Hapo wengine wakashindwa kujizuia, na mmoja akakaa chini kwenye vumbi na sare yake. Ndunge hakucheka. Wacera pia hakucheka. Alifungua kitabu cha katiba akasimama.

Alisema cheko ni cheko na sheria ni sheria. Ndunge atapikia mkutano wa kikundi miezi mitatu, isyo ya mahindi na maharagwe yenye nyama, na zamu yake ijayo itakuja baada ya wengine wote. Jumapili atasimama kanisani mwenyewe na kuyaondoa yale maombi, moja moja. Na kuhusu godoro, kikundi hakiwezi kumpa mbwa. Lilinunuliwa kwa jina la mtu na katiba inasema aliyetajwa ndiye alitumie. Basi ama Mama Syokau alale juu yake katika boma hili, ama lirudishwe lipewe mwingine.

Ndunge alilia kwa sauti. Syokau alikuwa wa Katangi, wa ndengu zake na jua lake, na hapa ni baridi ya wenye dhambi. Alianza kusema walichukue tu, ni haki yao, yeye atamwomba Sajini msamaha.

"Nani amesema ninarudi?" Syokau akauliza kutoka kwenye kiti cha magurudumu. "Miaka kumi sijaamka bila kuumwa, leo nimeamka. Andika jina langu vizuri hapo, mama. Nakaa."

"Na mbwa?" Wacera akauliza, kalamu juu.

"Katiba inasema mimi nilitumie. Inasema nilale peke yangu?"

Wacera aliisoma katiba kurasa zote mbili, mbele na nyuma. Haikusema.

Basi ndivyo ilivyo mpaka leo, dada zangu. Sajini yuko hai, na anamfukuza jogoo. Lakini Ndunge anapika isyo ya watu kumi na watano, na kila siku anaambiwa chai yake ni ya maji, sima yake ni laini, na Justus amekonda. Jumatatu iliyofuata ile Jumamosi alipelekwa Katangi kuleta vitu. Alirudi jioni, juu ya pikapu, amekumbatia chungu, kuku saba, na kitanda kizima cha mbao cha marehemu baba mkwe, kile ambacho Syokau alisema kiwekwe chumba cha Ndunge, kwa kuwa yeye hapandi tena vitu.